Kichwa Kimeelekea Wapi? Dira ya Ubongo Katika Bonde la Ruzizi

Katogota, kijiji cha mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekaa kati ya kuta mbili. Magharibi inapanda safu ya Mitumba. Mashariki, ng'ambo ya mto Ruzizi, inainuka milima ya Burundi. Katikati kuna tambarare ndefu ya mihogo, mahindi na mpunga, na barabara ya taifa namba 5 inayotoka Bukavu, ikateremka Ngomo hadi Kamanyola, ikapita Katogota, Luvungi, Bwegera, Luberizi na Sange mpaka Uvira. Msafiri aliyesinzia ndani ya gari akiamka ghafla kwenye kituo asichokitambua, jambo moja hakosi: anajua barabara inafuata milima. Anachoweza kukosa ni upande. Atashuka, atanyoosha mkono kuelekea Bukavu akiamini anaonyesha Uvira, wala hatakuwa na chembe ya shaka. Amekosea kwa nyuzi 180 kamili.

Kosa hilo lina umbo lake, na umbo hilo ndilo linalovutia. Angekuwa anakisia tu, mkono wake ungeweza kuelekea popote, hata milimani. Lakini kila kitu kichwani mwake kimepangika vizuri: milima ipo, barabara ipo, mto upo, vyote katika uhusiano wake sahihi, ila picha nzima imegeuzwa mbele nyuma. Je, ubongo unatunza vipi habari ya upande ambao kichwa kimeelekea, hata uweze kukosea kwa utaratibu namna hiyo?

Jibu lilianza kupatikana Januari 1984 huko Brooklyn, New York. James Ranck, mtafiti wa ubongo wa panya, alikuwa akisikiliza umeme wa seli moja moja kwa nyaya nyembamba. Kwa bahati tu akakuta seli ambayo haikujali panya yuko wapi wala anafanya nini. Ilijali kichwa kimeelekea upande gani. Panya akitazama upande fulani, seli ililia mfululizo. Akigeuza kichwa, ilinyamaza. Maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1990 na Ranck pamoja na Jeffrey Taube na Robert Muller, na tangu hapo zinaitwa seli za mwelekeo wa kichwa. Kila seli ina upande wake inaoupenda. Ukizikusanya nyingi, pande zote za duara zimegawanywa kati yake, kiasi kwamba kwa kusoma ni zipi zinazolia sasa hivi unaweza kusema panya anatazama wapi bila kumwona.

Watafiti wanapenda kuziita dira, na jina hilo nitalitumia, ingawa lina mtego. Dira ya baharini inavutwa na sumaku ya dunia. Hata ukiipeleka Kalemie au Mombasa inaonyesha kaskazini ileile. Seli hizi hazifanyi hivyo. Taube na wenzake walimweka panya ndani ya chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimeta 76, ukutani wakabandika kadi moja nyeupe. Panya akiwa nje, waliizungusha kadi nyuzi 90, kisha wakamrudisha. Pande zilizopendwa na seli zilizunguka pamoja na kadi. Kaskazini ya panya ilikuwa popote ilipokuwa kadi.

Zaidi ya hapo, zilizunguka zote pamoja. Seli mbili zilizokuwa zimeachana kwa nyuzi 60 jana zitaachana kwa nyuzi 60 leo, hata kama chumba ni kingine na kadi haipo. Hazigombani kamwe. Huwezi kukuta nusu yake zinasema Uvira iko kule na nusu zinasema iko huku. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha jambo zima: dira hii imeumbwa ili ikubaliane na nafsi yake kwanza, na dunia baadaye. Ndiyo maana msafiri wetu hana shaka. Shaka ingehitaji seli zibishane.

Sababu ya umoja huo inaeleweka zaidi ukifikiria watoto waliokaa duara wakicheza mchezo wa kupitishana kijiti. Kila seli inawachangamsha majirani zake wa karibu na kuwanyamazisha walio mbali, hivyo wakati wowote kuna kundi moja tu linalolia, na kundi hilo linaweza kuhama kulia au kushoto lakini haliwezi kugawanyika. Mawazo hayo yalipendekezwa na wanahisabati na wanabiolojia katika miaka ya 1990, William Skaggs na wenzake mwaka 1995, Kechen Zhang mwaka 1996, kama nadharia ya karatasini. Katika ubongo wa panya seli hazijapangwa duara kwa macho. Duara liko katika namna zinavyounganishwa. Lakini mwaka 2015 Johannes Seelig na Vivek Jayaraman walitazama ubongo wa nzi mdogo wa matunda akitembea juu ya mpira, wakakuta duara la kweli, lenye umbo la pete, na ndani yake nuru moja ya shughuli iliyozunguka kadiri nzi alivyogeuka. Ni nadra katika sayansi ya ubongo nadharia kukutana na mwili wake waziwazi hivyo.

Nani anaisukuma nuru hiyo? Kwanza sikio. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu-duara iliyojaa umajimaji. Kichwa kikigeuka, umajimaji unachelewa, unapinda vinyweleo vidogo, na ubongo unapokea habari ya kasi ya kugeuka. Vituo vya shina la ubongo vinajumlisha kasi hiyo, papo kwa papo, hadi kupata mwelekeo, na ishara inapanda kupitia thalamasi ya mbele hadi maeneo yaliyo jirani na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza ramani ya mahali. Seli za thalamasi hata hutangulia kidogo: zinaonyesha mahali kichwa kitakapokuwa baada ya milisekunde 25 hivi. Mwaka 1997 Robert Stackman na Taube waliharibu sehemu hiyo ya masikio ya panya, na seli za thalamasi zikapoteza mwelekeo kabisa, taa zikiwa zinawaka na alama zikiwa ukutani. Macho peke yake hayakutosha kuitengeneza dira.

Sikio peke yake nalo halitoshi kuitunza. Kujumlisha kasi ni kujumlisha makosa pia, na gizani dira huyumba polepole. Na mtu akilala? Adrien Peyrache, György Buzsáki na wenzao walionyesha mwaka 2015 kwamba panya anapolala, duara lake la seli linaendelea kufanya kazi. Katika usingizi wa ndoto nuru inatembea kana kwamba mnyama anageuza kichwa, huku kichwa kimetulia. Dira inaota. Kwa hiyo aliyesinzia kati ya Kamanyola na Luvungi haamki na sindano iliyosimama pale alipoiacha. Anaamka na sindano iliyokuwa ikizurura, nayo lazima ifungwe upya kwenye kitu cha nje.

Ni kitu gani basi? Hapa ndipo mahali kama Katogota panapoonyesha thamani yake. Panya wanaweza kuonyeshwa alama za karibu na alama za mbali, na mwaka 2001 Michaël Zugaro, Alain Berthoz na Sidney Wiener huko Ufaransa walizigombanisha: vitu vya karibu vikazungushwa upande mmoja, vya mbali upande mwingine. Seli zilifuata vya mbali. Busara yake iko wazi kwa yeyote aliyetembea tambarare hii. Mwembe ulio hatua ishirini kutoka kwako uko kulia sasa, na baada ya kupita uko nyuma yako. Ukiutumia kama dira utapotea kabla ya kufika shambani. Kilele cha Mitumba kinabaki upande uleule uwe Katogota au umeshafika Luvungi. Kwa mwelekeo, kitu cha mbali ni cha kuaminika kwa sababu hakisogei ukisogea.

Wavuvi wa ndagala wanaotoka Kalundu, bandari ya Uvira kwenye ziwa Tanganyika, usiku usio na mwezi, taa zao zikiwa juu ya maji kuvuta samaki, wanaishi kwa kanuni hiyo. Huko ziwani hakuna mwembe. Kuna taa za Bujumbura upande mmoja, za Uvira upande mwingine, na weusi wa milima nyuma yake. Katika mwezi wa saba na wa nane, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa vinapotanda, milima ya ng'ambo inafifia mchana kweupe, na anayeijua tambarare hii anahisi kwamba kitu fulani kimeondolewa kichwani mwake, si machoni tu.

Lakini milima hii ina kasoro moja kama alama: iko pande mbili. Mwaka 1986 Ken Cheng alieleza jaribio ambalo lingeweza kufanyika kwa mfano wa bonde letu. Panya alionyeshwa chakula kilichofichwa kwenye kona ya chumba cha mstatili, akazungushwa hadi apoteze mwelekeo, kisha akarudishwa kutafuta. Mara nyingi alikwenda kwenye kona sahihi, na karibu mara hiyohiyo alikwenda kwenye kona inayoikabili kimshazari, ile ambayo kwa umbo la chumba ni pacha wake. Kona nyingine mbili hakuzijali sana. Umbo la chumba lilimpa mhimili na kumnyima upande. Ajabu ni kwamba alama nyingine zilikuwepo ukutani, na angeweza kuzitumia, lakini mnyama aliyepotea hutanguliza umbo. Mwaka 2017 Alexandra Keinath na wenzake waliingia ndani ya ubongo wa panya wadogo waliopotezwa vivyo hivyo, wakaona ramani ya hipokampasi ikijipanga kwa umbo la chumba, mara sahihi, mara imegeuzwa, na kosa la mnyama likafuata kosa la ramani.

Bonde la Ruzizi ni mstatili wa namna hiyo, mrefu kutoka kaskazini kwenda kusini, ukuta huku na ukuta huku. Sidai kwamba mtu ni panya, wala kwamba kuna aliyepima wasafiri wa Sange. Ninachosema ni kwamba kosa la nyuzi 180 ndilo ambalo mtu angelitarajia hapa, na ndilo ambalo wakazi wamejijengea kinga dhidi yake bila kusoma jarida lolote. Kinga hizo ni vitu visivyo na pacha. Mito kama Luberizi, Sange na Runingu inashuka kutoka Mitumba na kukata barabara ikielekea Ruzizi. Ukiwa darajani, maji yanakuambia ni ukuta upi ulio nyuma yake. Ruzizi yenyewe inatoka Kivu, ziwa lililo juu kwa mita 1,460 hivi, na kuingia Tanganyika iliyo kwenye mita 770 na kidogo. Anayeujua mkondo wa maji hahitaji kuuliza.

Na kuna jua, ila si lile la saa sita mchana. Mgeni kutoka Ulaya amefundishwa kwamba adhuhuri jua liko kusini. Katogota iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linakaa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linakaa kusini, na katikati ya mwezi wa tatu na mwishoni mwa mwezi wa tisa linasimama juu ya utosi, kivuli kikiwa chini ya nyayo. Kwa dira, jua la namna hiyo ni shahidi mbaya. La asubuhi ni tofauti: mwaka mzima linachomoza nyuma ya milima ya Burundi, na linazama mapema nyuma ya Mitumba.

Haya yote ya panya yalifanyika vyumbani, na malalamiko ya wanaopenda nyika yalikuwa ya haki. Chombo cha sentimeta 76 kinaweza kutuambia nini juu ya kiumbe kinachosafiri kilometa? Huenda dira inayofuata kadi ni tabia ya chumba tu. Huenda nje, chini ya anga, seli zinaanza upya kila mnyama anapopita kichaka kipya. Swali hilo lilikaa miaka zaidi ya thelathini, na jibu lake zuri kuliko yote limetoka kwenye maji ya Tanzania.

Fungu Kizimkazi, ambacho ramani za kigeni zinakiita Latham, ni kisiwa kidogo tambarare kisicho na wakazi, mbali katika Bahari ya Hindi, ukubwa wake kama viwanja saba vya mpira. Nachum Ulanovsky wa Taasisi ya Weizmann alikichagua kwa sababu mnyama anayeruka akiachiwa hapo hana pengine pa kwenda. Kazi ilianza Februari 2023, msimu uleule ambao kimbunga Freddy kilivuka bahari hiyo. Watafiti walichukua popo sita wa matunda wa kienyeji, wa jamii ileile ambayo inaishi kuanzia Misri hadi kusini mwa Afrika. Kila popo alifungwa kifaa kidogo kinachosikiliza seli zake pamoja na cha kupima mahali alipo kwa setilaiti, akaachwa aruke peke yake usiku, kati ya nusu saa na dakika hamsini. Seli zaidi ya 400 zilisikilizwa. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science mwaka 2025.

Mambo matatu yanastahili kushikwa. La kwanza: seli iliyopenda upande fulani kwenye ncha moja ya kisiwa iliupenda upande uleule kwenye ncha nyingine. Dira ilikuwa moja kwa kisiwa kizima, haikujengwa upya kila kona. La pili: mwezi ukichomoza au ukizama, nyota zikionekana au zikifunikwa na mawingu, mwelekeo haukubadilika. Waliotarajia kwamba popo anasoma anga kama nahodha wa jahazi walikosea. La tatu, ambalo kwangu ni zito kuliko mengine: usiku wa mwanzo dira iliyumba, kisha siku chache baadaye ikatulia. Kama sumaku ya dunia ndiyo ingeishika, isingehitaji siku kadhaa; sumaku ipo tangu popo alipotua. Kuchelewa kunaonyesha kujifunza. Popo alikuwa akikariri ufuko, mwamba na mistari ya kisiwa hadi vyote vikakubaliana juu ya kaskazini moja.

Kwa binadamu hatuwezi kutia nyaya kichwani kwa udadisi tu, kwa hiyo ushahidi ni wa pembeni, lakini unaelekea kulekule. Wapo wagonjwa, walioelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1997, ambao baada ya damu kuvujia sehemu ya nyuma na ndani ya ubongo walibaki kutambua nyumba na njia zao zote. Wakisimama mbele ya jengo wanalolijua walilitaja jina, ila hawakujua nyumbani ni upande upi kutoka hapo. Alama ilikuwepo, kamba ya kuifunga dira ilikatika. Na upande wa wazima, mwaka 2019 Haneul Jang na wenzake walichapisha utafiti wao na Wabayaka wa misitu ya Jamhuri ya Kongo, ambao waliombwa kunyoosha kidole kuelekea mahali pa mbali wasipopaona. Waliweza, kwa usahihi ambao mtu wa mjini angeuonea wivu, na kuonekana kwa jua, umri na mahali pa jaribio vyote vilikuwa na athari. Hakuna aliyezaliwa na dira iliyokwisha kufungwa. Inafungwa kwa kutembea.

Inaweza pia kuharibiwa, na kwa kawaida inaharibiwa kutokea sikioni. Kinini, ambayo mti wake unalimwa Kivu na kutengenezwa dawa Bukavu, ikizidi mwilini huleta mlio masikioni na kizunguzungu. Hiyo hupita. Jentamisini na streptomisini ni hatari zaidi: zinaweza kuua vinyweleo vya ndani ya sikio, na vikishakufa havioti tena. Mtu wa namna hiyo mchana hujikokota vizuri kwa kutumia macho. Gizani, au juu ya mtumbwi unaoyumba, anabaki bila chini wala mbele. Anayelalamika kizunguzungu akiwa kwenye sindano hizo asiambiwe ni njaa.

Mpaka wa Ruzizi na ziwa umelifanya jambo hili kuwa zaidi ya udadisi. Warundi waliokimbia mwaka 2015 na kupelekwa kambi ya Lusenda, huko Fizi, wengine walitoka pwani ya Rumonge. Kwa mtu wa Rumonge, ziwa liko magharibi: jua linazama majini, milima iko nyuma ya nyumba upande wa mashariki. Lusenda kila kitu kimepinduliwa. Jua linatoka majini na kuzama mlimani. Mwaka 2025, mwezi wa pili, maelfu kutoka upande wetu walivuka Ruzizi kuingia Cibitoke, na wao pia mlima ulio karibu ukahamia mkono wa pili.

Majaribio ya James Knierim na wenzake, mwaka 1995 na 1998, yanatuonyesha nini kinaweza kutokea katika ubongo uliowekwa hapo. Alama ikipingana na dira ya ndani kwa nyuzi 45, kwa kawaida alama inashinda, na dira inajirekebisha bila kelele. Zikipingana kwa nyuzi 180 hakuna mshindi wa hakika: mara seli zinafuata alama, mara zinashikilia hesabu ya ndani, mara ramani ya mahali inafutwa na mpya kuanzishwa. Na panya waliozungushwa hadi kupotea kila mara kabla ya jaribio, walijifunza kutoiamini ile kadi nyeupe, ingawa kadi yenyewe haikuwa na kosa lolote. Alama inapewa mamlaka na ubongo ulioiona imetulia mara nyingi. Aliyekulia Rumonge amelipa ziwa mamlaka hayo maisha yake yote. Kule Lusenda, asubuhi za kwanza, ziwa linamwambia magharibi iko mbele na jua linamwambia ni mashariki, na vyote viwili vimewahi kumwambia ukweli.